Mistari Saba ya Mjomba

Jumapili, 18 Januari

Shikamoo Mjomba,

Habari za kazi? Sisi tumerudi shuleni salama. Mabweni yamepakwa rangi wakati wa likizo, kwa hiyo wiki nzima tumenuka kama milango. Mama hajambo, anakusalimu, na anasema wewe Profesa, kama anavyokuita, ukiendelea kutopiga simu atakuja kukukamata mwenyewe. Bibi lile jicho limepona. Amepewa miwani, na sasa anaona vumbi hata pale lisipokuwepo. Nyumba nzima imekoma.

Nakuandikia mapema kwa sababu mwaka huu kuna jambo. Tarehe 27 Machi tunarudisha fomu za kuchagua masomo ya miaka miwili ijayo, na ukishairudisha hakuna kubadilisha. Mstari wa mwisho wa fomu unakutaka uchague Kompyuta au Jiografia. Walimu wote wanadhani nitaandika Jiografia, kwa sababu nasoma sana na sisemi darasani. Mimi nataka Kompyuta. Sijamwambia mtu isipokuwa Redio, yule jirani yangu wa dawati, na ukishamwambia Redio umeliambia bweni zima.

Kompyuta tunazo nane, sisi tuko arobaini na wawili. Zamu yangu hufika mara moja kwa wiki mbili, na hapo bado kuna siku umeme unakatika. Wenzangu wananung'unika. Mimi sinung'uniki kwa sababu ulinifundisha kuitembeza programu kwa penseli: nachora jedwali, naandika kila namba inavyobadilika, mstari kwa mstari, kana kwamba mimi ndiye mashine. Redio akinikuta maktaba huuliza, "Wewe, unacheza karata na nani humo?"

Naomba mtego mpya. Ile programu ya mwisho uliyonitumia kosa lake nililipata siku ileile: ulisahau kwa makusudi kurudisha jumla kwenye sifuri. Kila barua programu moja, kila programu kosa moja. Ndivyo tulivyokubaliana tangu nina miaka kumi na miwili, na hujawahi kuzidisha.

Swali langu ni hili, Mjomba, naomba unijibu kweli. Je, nafaa? Sitaki kuchagua Kompyuta kwa sababu nakupenda wewe. Nataka kuichagua kwa sababu naiweza.

Mpwa wako,
Penseli


Ijumaa, 6 Februari

Marahaba Penseli,

Barua yako niliikuta chini ya mlango, ina alama ya kiatu. Nimeifuta. Mwambie mama yako kwamba simu yangu nzima ila mimi ndiye mwenye kasoro. Bibi mwambie aje na miwani yake hapa kwangu, vumbi analolitafuta lipo la kumtosha.

Umeniuliza kama unafaa. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze kazi ilivyo siku hizi, usije ukachagua kitu usichokijua.

Nilipoanza kazi hii nilijifunza lugha moja ya kompyuta. Ilikufa kabla jalada la kitabu chake halijachakaa. Nikajifunza ya pili, nayo ikazeeka. Ya tatu ndiyo iliyonilisha miaka kumi na sita, ofisi hiihii, ghorofa ya nne, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kila mara nilijifunza upya, na sikulia. Lakini sasa kumekuja kitu kingine. Ni mashine unayoiambia kwa maneno tu, "nataka programu ifanye hivi na hivi," inakuandikia yenyewe, kurasa na kurasa, kabla hujamaliza kukohoa. Meneja wetu, kijana mdogo ambaye nina viatu vilivyomzidi umri, ametuambia wote tuitumie. Kisha akaniwekea msichana aliyetoka chuoni juzi, miaka ishirini na minne, eti tufanye kazi pamoja. Mimi namwita Kasuku, kwa sababu anaongea na ile mashine kutwa. "Hapana, siyo hivyo. Jaribu tena. Vizuri, sasa ongeza hiki." Ukimsikia utadhani anamfundisha mtu kupika.

Kazi yetu ni programu ya kliniki. Wagonjwa wa presha na sukari hutumiwa ujumbe kwenye simu kuwakumbusha siku ya kurudi kuchukua dawa. Kasuku na mashine yake waliiandika yote upya kwa siku tisa. Mimi ile ya kwanza ilinichukua miezi saba. Siku moja alipokwenda kula, niliketi kwenye kiti chake, nikafungua sehemu inayopitia siku za mwezi, nikafuta yote iliyoandikwa na mashine, nikaandika yangu. Mistari saba tu. Misafi, mifupi, ya mkono wa mtu. Nilitaka kujua kama bado ninaweza. Hata hakugundua.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita, tarehe 31, ujumbe haukwenda. Wagonjwa mia mbili na kumi na wanne hawakukumbushwa. Mama mmoja wa sukari alikaa nyumbani hadi akazimia, yuko hospitali, anaendelea vizuri. Kliniki wamekasirika mno. Tumerudisha programu ya zamani, ile yangu, na Kasuku anaulizwa maswali. Nimewaambia wazi: mashine haijui mgonjwa ni nini, na anayeitumia bila kuisoma hajui pia.

Hiyo mistari saba ndiyo mtego wako wa leo. Nimeiandika kwa maneno ya kawaida kama tulivyozoea, na nimeichomekea kosa moja.

Siku ianze na 1.
Maadamu siku ni ndogo kuliko idadi ya siku za mwezi, rudia haya:
Chukua orodha ya wagonjwa wa siku hiyo.
Kwa kila mgonjwa kwenye orodha:
Mtumie ujumbe.
Soma namba yake ya simu.
Ongeza 1 kwenye siku.

Tafuta. Ukilipata ndipo nitakujibu swali lako.

Mjomba wako


Alhamisi, 19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimefurahi hadi naandika mbiombio, samahani kwa mwandiko. Hatujambo wote. Mama yule wa sukari pole yake, tumemwombea bwenini. Bibi ameuliza kama mashine hiyo inayoandika yenyewe inaweza pia kufua.

Umenitega mara mbili! Ulidhani nitaridhika na la kwanza nikafunga daftari.

La kwanza ni rahisi. Ujumbe unatumwa kabla ya kusoma namba ya simu, kwa hiyo mgonjwa wa kwanza hatumiwi, na kila anayefuata ujumbe wake unakwenda kwa aliyemtangulia. Hilo nilikuta nimeliona hata kabla ya kuchora jedwali.

La pili ndilo lililonipa kazi, na ndilo zuri. Nilijitengenezea mwezi wa siku tano, nisichoke. Siku ikiwa 1, ni ndogo kuliko 5, tunaendelea. Ikiwa 2, tunaendelea. Ikiwa 3, ikiwa 4, sawa. Ikiwa 5, programu inauliza: je, 5 ni ndogo kuliko 5? Siyo. Basi inasimama. Wagonjwa wa siku ya tano hawaguswi kabisa. Ilitakiwa kuandikwa "ndogo kuliko au sawa na". Kwa hiyo katika kila mwezi watu wa tarehe ya mwisho wanaachwa. Yaani ni kosa lilelile la kliniki! Mjanja wewe, umelichukua kosa la mashine ukalipandikiza kwenye mistari yako uone kama nitalikamata.

Redio alikuwa ananitazama nikicheka peke yangu. Akasema, "Haya, leo karata zimekubali."

Mjomba, nimejiwekea sharti, usinicheke. Nikiwa nimeyapata yote mawili sawasawa, naandika Kompyuta. Nikiwa nimekosea, basi walimu wananijua kuliko ninavyojijua. Nasubiri jibu lako tu. Tafadhali lifike kabla ya 27 Machi.

Mpwa wako,
Penseli


Jumapili, 8 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hii ni fupi tu. Huenda barua yangu ya Februari haikufika. Hatujambo. Mvua imeanza na bweni letu linavuja juu ya kitanda cha Redio, sasa tunalala wawili kwenye changu na anaongea hata usingizini.

Je, uliipata? Kila Ijumaa barua zinasomwa majina mbele ya bwalo. Nimekuwa nikisimama karibu na mlango.

Mpwa wako


Jumanne, 17 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Barua zako zote mbili nimezipata. Nisamehe kuchelewa. Kazi zimebana, halafu nikaugua mafua yale ya kukaa puani wiki mbili. Hapa pia mvua. Lifti ya jengo letu imeharibika, kwa hiyo napanda ngazi hadi ghorofa ya nne nikifika juu nashindwa kusema habari za asubuhi. Nilizungumza na Bibi. Anasema amegundua kwamba mama yako ana mvi na hakuna aliyemwambia. Mwambie mama yako asikasirike, miwani ikizoeleka Bibi ataacha kutukagua. Umesema unalala wawili kwenye kitanda kimoja, angalia mgongo wako. Ule vizuri.

Kuhusu mtego. Kosa la namba ya simu ndilo nililolitega, umelipata, hongera.

Hilo la pili si kosa. Umekosea kuhesabu. Kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri na si kwenye moja, kwa hiyo siku zote zinafikiwa. Ni jambo la ndani ya kazi, nyinyi bado hamjafika huko.

Kuhusu fomu, fuata moyo wako na usikilize walimu. Jiografia nayo ni somo zuri.

Mjomba wako


Jumatatu, 30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Asante kwa barua. Pole kwa mafua na kwa ngazi. Tunaendelea vizuri. Paa limezibwa. Mama amepaka nywele rangi nyeusi na Bibi amesema sasa anafanana na mtu aliyevaa kofia.

Baada ya barua yako niliirudia ile mistari saba. Niliitembeza kwa mwezi wa siku tano, kisha wa siku nne, kisha mwezi mzima wa siku thelathini na moja, kurasa tatu za daftari. Kila mara ilisimama kabla ya siku ya mwisho. Uliandika "siku ianze na 1", nami nikaanza na 1. Nilijaribu kuanza na sifuri kama ulivyosema, lakini hapo napata siku ya sifuri, ambayo haimo kwenye kalenda, na ile ya mwisho bado haifikiwi. Bila shaka kuna kitu sikielewi. Nilitaka kumuuliza mwalimu wa kompyuta, nikasimama nje ya mlango wake, kisha nikaona aibu. Kama Mjomba wangu mwenye miaka kumi na sita kazini amesema si kosa, nitakwenda kumsumbua kwa lipi?

Fomu nimesharudisha.

Yule dada wa ofisini kwenu, Kasuku, mambo yake yaliishaje?

Mpwa wako


Jumatano, 22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini nyote wazima. Hapa mvua imekatika, na lifti imetengenezwa ila sasa inapita ghorofa ya nne bila kusimama, inabidi ushuke ya tano uteremke kwa miguu.

Yule msichana hayupo tena kazini. Uchunguzi uliisha mwezi uliopita.

Mimi nimepewa dawati jipya kando ya meneja. Sasa kila kinachoandikwa na ile mashine lazima kipite kwangu kabla hakijatumika. Wanasema ofisi inahitaji jicho la mtu mzima. Watu wamenipongeza.

Safari hii sina mtego wa kukutumia. Sijaandika kitu.

Hukuniambia umechagua nini.

Mjomba wako


Alhamisi, 14 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama alikuja Jumapili, siku ya kutembelewa. Alileta sabuni, karatasi na salamu za Bibi. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya bwalo. Akaniuliza, "Sasa mwenzetu, lini utakuwa mkubwa kama Profesa? Kapandishwa cheo huyo." Nikamwambia nimechagua Jiografia. Akasema, "Wewe? Wewe uliyekuwa ukimtegea mjomba wako getini kabla hajavua viatu?" Nikamwambia sikuweza, kichwa changu hakifai kwa hesabu za kompyuta, hata wewe Mjomba uliona.

Kisha akanieleza habari za ofisi yenu kama ulivyomweleza kwenye simu: yule dada amefukuzwa kwa sababu sehemu inayopitia siku za mwezi iliandikwa na mashine, naye akaipitisha bila kuisoma, na kumbukumbu ya kompyuta ilionyesha jina lake kwenye mistari hiyo.

Mama alipoondoka nilirudi bwenini nikatoa barua yako ya Februari. Redio akasema, "Umepauka, nani kafa?" Nikamsomea. Redio yuko darasa la Kompyuta. Sikumwomba. Alichukua karatasi mkononi mwangu, na Jumanne kwenye zamu yake akaigeuza mistari yako katika lugha tunayofundishwa, akairekebisha ile ya namba ya simu, akaipa mwezi wa siku tano. Nilikuwa kwenye Jiografia, chumba cha pili. Nikasikia viti vinaburutwa, kisha akatokea mlangoni bila hata kumwomba mwalimu ruhusa.

"Wewe! Inaishia nne! Nimeijaribu mara sita, inaishia nne! Mjomba wako kakudanganya!"

Darasa zima liligeuka. Mwalimu akamuuliza, "Wewe ni nani na nne gani hiyo?" Wakacheka. Mimi nilitazama ramani kwenye meza yangu hadi mistari ikachanganyika.

Ulikaa kwenye kiti chake akiwa amekwenda kula. Uliniandikia mwenyewe. Nilikuwa na barua hiyo tangu Februari na sikuiona, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa kwenye mistari saba tu, sikulitafuta kwenye barua.

Niambie kama ni wewe.


Jumanne, 2 Juni

Mpwa wangu,

Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara tano kwa kukuuliza habari za shule, nikachana. Nitakusalimu mwisho.

Barua yako ya Februari niliisomea kwenye ngazi za ofisi. Nilikuwa natabasamu. Nilipofika pale uliposema umetengeneza mwezi wa siku tano, nilijua kabla hujafika tatu. Mpaka dakika hiyo niliamini kwa dhati kwamba kosa ni la mashine. Wallahi niliamini. Haikunipitia hata mara moja akilini kuisoma upya mistari yangu, kwa sababu niliiandika mimi. Nikapanda juu, nikafungua nakala, nikaijaribu. Ilikuwa kama ulivyosema. Kilichofutwa na mkono wangu, kile cha mashine, kilikuwa sahihi.

Na niliandika kwenye kiti chake, kwenye akaunti yake. Kumbukumbu ilionyesha jina lake, siku na saa. Yeye alikuwa bado anahojiwa. Ningeweza kusema siku hiyo.

Nilijiambia nitasema kesho. Kisha kesho nikasema wiki ijayo. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu wote nikasema anayetumia mashine bila kuisoma hajui kazi. Nina miaka arobaini na saba. Wenzangu watatu niliokuwa nao tangu mwanzo wameshaondolewa, mmoja mmoja, kwa tabasamu na keki. Niliona nikisema tu, yangu itakuwa ya nne. Halafu barua yako ilikuwa inasubiri jibu. Nikikujibu kwamba umepata, nimekiri kwa maandishi. Kwa hiyo nikachukua kalamu nikakuambia umekosea kuhesabu. Hayo ya sifuri niliyatunga palepale. Ulipoandika kwamba umeirudia kurasa tatu, niliiweka barua yako kwenye droo chini ya vitu vyote.

Nilikuambia nilijifunza lugha tatu bila kulia. Ni kweli. Lakini zile nilijifunza kwenye vitabu, mlango umefungwa, hakuna aliyeniona nikikosea. Hii ya sasa ilinitaka niketi kando ya mtoto wa miaka ishirini na minne nimuulize. Wiki yake ya kwanza alivuta kiti, akanipangusia vumbi, akasema, "Mjomba, kaa hapa nikuonyeshe, si ngumu hata kidogo." Naye aliniita Mjomba. Nikamwambia nina kazi. Hakuniambia tena.

Baada ya barua yako ya Mei nilikwenda kwa meneja. Nilimwonyesha mistari, nikamweleza habari ya kiti. Akazungusha kalamu, kisha akasema, "Mzee, ungesema Februari ningekuonya tu. Kosa kila mtu anafanya. Sasa nifanye nini na wewe?" Nimemaliza kazi pale Ijumaa. Hakukuwa na keki. Wameandika barua ya kumsafisha yule msichana na kumwomba arudi.

Nilimpigia simu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema, "Nilijua, Mjomba. Niliona saa iliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Ilikuwa saa ya chakula, mimi sikuwa kwenye kiti, na niliyekuacha chumbani ni wewe peke yako. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Nani angeniamini mimi dhidi yako?" Hatarudi. Anasema kila akifungua kompyuta anasikia watu wakisoma jina lake kwa sauti. Amekwenda kwao, anamsaidia mama yake dukani.

Nimemwandikia mkuu wako wa shule. Nimemweleza kwamba ulichagua Jiografia kwa sababu ya uongo wangu, na nimemwomba akuruhusu kubadilisha fomu. Nimeambatisha mistari saba na jibu lako.

Uliniuliza Januari kama unafaa. Unafaa, Penseli. Ulikuwa unafaa kuliko mimi.

Mama yako na Bibi nimewaeleza yote. Bibi alivua miwani ndipo akanisikiliza. Uwe salama. Likizo ukija nitakuwa nyumbani tu, sina pa kwenda.

Mjomba wako


Jumamosi, 20 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Hatujambo. Mitihani inaanza Jumatatu.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Barua yako ilikuwa mezani, na mistari saba, na jedwali langu la mwezi wa siku tano. Alikuwa amelisoma. Akasema ni kazi nzuri na kwamba anasikitika, lakini majina yalishapelekwa wizarani tangu Aprili na hakuna njia ya kuyarudisha. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema hapana, asante. Ndivyo ninavyosema siku zote, lakini safari hii nilikuwa nalo.

Nimefikiria sana kuhusu wewe kuachishwa kazi. Nimekulilia, usidhani sikulia. Najua uliogopa. Hata mimi huogopa, mimi huogopa hata kuomba chumvi mezani. Nimejaribu kukasirika kwa ajili ya yule dada kwanza, kwa sababu yake ni kubwa kuliko yangu. Mimi nimekosa somo, yeye amekosa kazi. Kama ukizungumza naye tena, mwambie kuna mtu shuleni anayejua kwamba mashine yake ilikuwa sahihi.

Likizo hii sitakuja kwako. Nitakwenda kwa Bibi. Si kwa kukuadhibu, Mjomba. Nahitaji tu kukaa na mtu ambaye akiniambia sahani ni chafu, sahani ni chafu.

Kuna jambo moja sikumwambia mkuu, wala mama. Nakuambia wewe kwa sababu ndiwe peke yako utakayelielewa.

Jana Redio aliniletea programu yake, ya zoezi la mwisho wa muhula. Alikuwa amekesha nayo, macho mekundu. Ilikuwa inajumlisha alama za wanafunzi na kutoa wastani. Akaketi kitandani kwangu, akasema, "Wewe ndiye bingwa, hebu itembeze. Mimi naona iko sawa kabisa. Iko sawa?"

Nilichukua karatasi. Sikuhitaji hata penseli. Alikuwa anagawanya kabla hajamaliza kujumlisha, kila mwanafunzi angetoka na alama ya uongo. Nililiona palepale, Mjomba, wazi kama mtu amesimama mlangoni.

Nikafungua mdomo. Na badala ya sauti yangu nikasikia yako: umekosea kuhesabu, nyinyi bado hamjafika huko. Ninajua sasa kwamba haikuwa kweli. Nimeiona kwa maandishi yako mwenyewe kwamba haikuwa kweli. Lakini mdomo haujui.

Redio akasema, "Vipi, mbona umeganda? Iko sawa au haiko sawa?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia akamuulize mwalimu.

Akaipeleka hivyohivyo.

Mpwa wako